Elimu ya taka za nyumbani kijijini: mkutano, shule, kikoba, redio au uani kwa jirani, uanze na ipi?

Hii naiandika kwa yule mtu ambae kapewa hii kazi au kajipa mwenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu anaesimamia klabu ya mazingira, mama kiongozi wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, au kijana aliyerudi nyumbani Kibosho au Uru au Nkoaranga akakuta mfongo, yaani mfereji wetu wa maji wa asili, umejaa chupa za plastiki na roho ikamuuma. Una hela kidogo, una muda kidogo, na kila mtu anakushauri lake, huyu anasema itisha mkutano, yule anasema anza na watoto shuleni, mwingine anasema weka tangazo redioni, na ukivivamia vyote kwa pamoja utachoka kabla masika haijaingia. Kwahiyo naziweka hizi njia moja pembeni ya nyingine, kwa jinsi nilivyoziona zikifanyika huku kwetu Moshi Vijijini na upande wa Meru, na nitasema wazi ipi naiamini.

Ila kabla hujachagua njia jua kwanza unaenda kufundisha nini, maana hapa ndo semina nyingi zinapotea. Mjini somo la taka ni fupi: weka kwenye kiroba, lipa ada, gari litapita, mzigo utaenda dampo, la Kaloleni kama uko Moshi, la Muriet kama uko Arusha. Moshi imesifika nchi nzima kwa usafi miaka mingi na watu wa mjini wanajivunia, wana haki. Sasa mtu anabeba somo hilohilo analipeleka kijijini na bango lake la ndoo 3 za rangi, wakati kijijini hamna gari, hamna dampo, na hizo ndoo mama ataweka maji au unga, na hawezi kulaumiwa maana ndoo ni mali. Taka ya kijijini inaishia palepale kwenye uwanja wa mwenye nyumba. Cha kufundisha ni namna ya kuimalizia hapo bila kuumiza udongo, maji, mifugo na mapafu ya watoto.

Na vijiji vyenyewe havifanani. Huku juu mlimani kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, maganda ya ndizi, majani, machicha ya mbege (pombe yetu ya ndizi) na samadi ya ng'ombe wa ndani vyote vina pa kwenda tangu enzi za mababu, vinaliwa na mifugo au vinarudi kwenye shina la mgomba. Ukisimama mbele ya bibi wa Old Moshi ukaanza kumfundisha mboji ni nini atakusikiliza kwa adabu tu, anaijua kuliko wewe. Kinachomshinda ni vitu ambavyo mama yake hakuwahi kuwa navyo: pampasi za mjukuu, betri za tochi, chupa za maji, nyembe, makopo ya dawa za kahawa, sindano za kuchomea ng'ombe, vifungashio vya nailoni. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli zilipungua sana, lakini nailoni nyepesi za kufungia vitu dukani bado zipo kila kichaka. Shuka sasa mpaka Kahe au Mabogini, au upande wa Arusha uende Kisongo na Oldonyosambu, mambo yanageuka. Udongo wa kule unalilia mboji, mabua yanachomwa shambani, upepo unabeba nailoni unazitundika kwenye miba na ng'ombe na mbuzi wanazila. Kwahiyo mwalimu wa juu aanzie kwenye plastiki na pampasi, mwalimu wa chini aanzie kwenye mboji na kwenye tumbo la ng'ombe. Ukichanganya, watu watakuona mgeni hata kama umezaliwa pale.

Mkutano wa kijiji na kupita nyumba kwa nyumba

Mkutano mkuu wa kijiji uzuri wake upo tayari. Kwa utaratibu unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi 3, mtendaji anabandika tangazo, watu wanakuja, hulipii ukumbi maana mnakaa chini ya mti au kwenye darasa. Lakini angalia nani kakaa wapi. Mbele wazee na wanaume, akina mama pembeni kule nyuma na watoto mgongoni, na ajenda zinaanza na maji, mbolea ya ruzuku, darasa halijaezekwa, mgogoro wa mpaka, na taka inakuja mwishoni saa ambayo kila mtu anawaza ng'ombe hajakatiwa majani. Unapewa dakika 10. Unasema tusitupe taka ovyo, wanapiga makofi, mnafunga kwa sala. Na aliyepiga makofi siyo anaeshika ufagio asubuhi.

Kuna kitu kimoja tu mkutano unaweza na njia nyingine zote haziwezi, nacho ni sheria ndogo. Chini ya sheria ya serikali za mitaa ya 1982 halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, wananchi wakatoa maoni yao kwenye mkutano mkuu, kisha ikapelekwa halmashauri ya wilaya ikapitishwa. Yule anaetupa pampasi kwenye mfongo kila wiki na kashaambiwa na majirani mpaka wamechoka, huyo dawa yake iko pale. Kwahiyo mkutano mimi nauweka mwisho, wakati watu wameshajua la kufanya na wanataka lilindwe. Ukianza nao mnatunga faini ya kosa ambalo mtu hajaonyeshwa bado jinsi ya kuliepuka, na faini ya namna hiyo inaleta uadui tu.

Nyumba kwa nyumba ni kinyume chake kabisa. Hapa unafika kwa mwenye taka, unaona shimo lake liko wapi, unaona kama kuku wanaparua juu ya majivu ya plastiki, unaongea na mama na mtoto anaetumwa kutupa. Kwa mambo mengine haina mbadala: nyumba yenye kichanga na pampasi, nyumba ya mgonjwa wa sukari anaejichoma sindano, mzee anaeishi peke yake asiyeweza kuchimba. Hayo huwezi kuyasema mbele ya watu.

Shida yake ni miguu. Mlimani nyumba zimefichwa ndani ya migomba, unapanda unashuka, na ukifika mama kaenda gulioni. Na kuna hili la kukaguliwa, watu wetu bado wanamkumbuka bwana afya wa zamani. Unaingia uwanjani, "Shikamoo bibi," "Marahaba mwanangu, karibu, ila leo hatujafagia, mvua ilinyesha," yaani hujasema neno lolote kashajitetea, na mtu anaejitetea hajifunzi. Itachukua muda mpaka aone hukuja na daftari la faini. Kama ni kijiji cha kaya mia kadhaa na wewe ni mmoja, ukiichagua hii peke yake utazunguka mwaka mzima na wa kwanza watakuwa wamesharudia kuchoma.

Shule na kikoba

Shule kila mradi unaikimbilia na sababu inaeleweka, watoto wamekaa tayari, mwalimu yupo, na picha zinatoka nzuri. Tanzania ina historia hapa, Roots & Shoots ya Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, ambayo ni mpango wa vijana wa kutunza mazingira, ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi wachache na leo iko nchi nyingi duniani, kwahiyo mtu asikuambie watoto hawawezi. Tena mtoto ndo mkono wa taka nyumbani, akitumwa "kamwage hii" anajua pa kumwaga kuliko baba yake.

Lakini mtoto hana maamuzi. Shimo lichimbwe wapi, zinunuliwe pampasi au nepi za kitambaa, haya si yake. Na mtoto wa kwetu hawezi kumwambia bibi yake "usichome" bila kuonekana kakosa adabu. Nimeona walimu wawili watatu wanaolijua hili vizuri, hawampi mtoto amri ya kupeleka nyumbani, wanampa swali. Muulize bibi zamani nyama ya buchani mlibebea nini, sukari je, mbegu mlihifadhi wapi. Mtoto anarudi na majani ya mgomba, vikapu, vibuyu, na kule nyumbani bibi kashaongea somo zima yeye mwenyewe na kila mtu kamsikiliza. Hiyo naipenda sana, haina gharama na haimdhalilishi mtu.

Mawili ya kuangalia kabla hujachagua shule. La kwanza, shule yenyewe taka zake inapeleka wapi, maana kama nyuma ya vyoo kuna moto unawaka kila Ijumaa mtoto atajifunza kile anachokiona. La pili linaniumiza kusema ukweli: elimu ya mazingira kugeuka kuwa watoto kuokota taka za gulio kwa mikono mitupu. Kwenye zile taka kuna vioo, nyembe na sindano. Hakuna glavu, hakuna somo nje ya geti la shule, na hata zikiwepo mtoto asiguse kinachochoma.

Kikoba sasa. Akina mama wamekaa kila wiki siku ileile saa ileile, wanaaminiana na hela, wanajua nani anatimiza neno lake. Wana faini ya kuchelewa ambayo wameiweka wenyewe na wanailipa bila polisi, kwahiyo wakikubaliana kila mwanachama awe na shimo lenye mfuniko litachimbwa, nawaambia. Na kuna faida ambayo shule haina, wingi. Plastiki ni nyepesi, nyumba moja ikikusanya chupa mwezi mzima haijazi gunia na hamna mnunuzi atakaepanda mlima kwa ajili ya nusu gunia, lakini nyumba 20 au 30 zikipeleka kwa mmoja wao, na chuma chakavu kikawekwa hapohapo, mtu wa kununua kwa kilo anakuja au mnapakia kwenye Noah ya gulio mnateremsha Moshi. Bei inapanda na kushuka, usiwaahidi utajiri, waambie tu inatosha kununua reki na koleo la kikundi kidogo kidogo.

Upungufu wa kikoba ni kwamba asiye na hela ya hisa hayupo, na yule ndo mara nyingi kaya yake iko karibu na korongo. Wanaume nao hawapo. Pia siku ya kikoba ni siku ya hela, ukitaka saa nzima watakuchukia, omba nusu saa baada ya hisa.

Ndo maana kwa huku kwetu jumuiya naiweka juu ya kikoba kidogo. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, na za Walutheri wa KKKT pia, zinakutana nyumbani kwa watu kwa zamu, hakuna hisa, tajiri na maskini wanasali sebule moja, na kila wiki uwanja unabadilika. Mnamaliza sala mnatoka nje dakika 20 kwenye uwanja wa mwenyeji wa siku hiyo. Mwenyeji anajua wageni wanakuja kwahiyo kashajiandaa, haoni aibu. Kwa jirani zetu Waislamu, darasa za akina mama na tangazo baada ya swala ya Ijumaa vinafanya kazi ileile, ila ongea na imamu kwanza kama vile ungeongea na padri au mchungaji, usivamie.

Redio, WhatsApp na vipeperushi

Vipeperushi nitavipita haraka, vinaishia kufungia karanga. Bango moja kubwa penye bomba la maji au penye mashine ya kusaga linasaidia kukumbusha, basi.

Redio ina kina zaidi ya watu wanavyodhani. Mama anapika redio iko on, Sauti ya Injili kwa Moshi, Radio 5 kwa Arusha, inafika mpaka kihambani ambako miguu yako haifiki. Lakini redio peke yake inapita kama upepo. Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, ile ilikuwa redio lakini watu hawakuisikiliza kila mmoja kwao, walikaa kwenye vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu, wanasikiliza kipindi cha malaria au minyoo au kichocho, redio ikizimwa wanajadili halafu wanaamua la kufanya wiki hiyo, kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Watu wanaokaribia milioni 2 walishiriki nchi nzima. Sijui kwanini siku hizi tunanunua tangazo la sekunde 30 halafu tunaliita elimu. Kama una hela ya redio inunue kipindi kifupi cha kila wiki kwa miezi 2 au 3 kinachorushwa saa ambayo vikundi vyako vimekaa, kisiwe tangazo.

WhatsApp ni nzuri kwa viongozi wa vikundi kutumiana picha, shimo la fulani limefika hapa, mboji ya fulani inanuka nifanyeje. Kwa kufundisha kijiji hapana, bibi ana simu ya tochi, na kundi la ukoo likishaingia ujumbe wa taka katikati ya michango ya harusi haupati msomaji.

Uani kwa jirani

Hii ndo yangu. Wakulima wanaijua kama shamba darasa, mtindo ambao FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliuanzisha Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga na ukaja mpaka kwetu, mnakutana shambani mara nyingi msimu mzima na mnaangalia kwa macho badala ya kuhubiriwa. Kwa taka unafanya hivohivo ila shamba ni uwanja wa nyumba moja, majirani 10 mpaka 15, mnarudi mara kwa mara.

Kuchagua nyumba ni nusu ya kazi. Usichukue ya mwenyekiti maana watu watasema yeye anaweza, usichukue ya tajiri mwenye uzio, chukua ya mama wa kawaida iliyo karibu na njia, anaeheshimika, ambae wengine hupita kwake wakienda maji. Umwombe mapema na mume wake ajue.

Siku ya kwanza mnatandika turubai kuukuu, mnamwaga taka za nyumba za siku chache, mnatenganisha kwa vijiti, siyo mikono. Hapa hakuna hotuba inayohitajika, watu wanaona wenyewe zaidi ya nusu ya rundo ni vitu vinavyooza, na kumbe kinachojaza shimo kila mwaka kilikuwa ni chakula cha mgomba. Kilichobaki kinagawanyika: cha kuuza kinaenda kwenye gunia, kisichouzika na kisichooza kinaenda kwenye shimo dogo lenye mfuniko, mbali na mfongo au kisima angalau mita 30, betri zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko mbali na watoto. Sindano ziwekwe kwenye chupa ngumu zipelekwe zahanati, wana maboksi ya vitu vyenye ncha. Makopo ya dawa za shamba yanasuuzwa mara 3, maji ya kusuuzia yanarudi kwenye bomba la kupulizia na yanapulizwa palepale shambani, kopo linatobolewa ili mtu asije akawekea maziwa au mafuta ya taa. Pampasi kinyesi kinamwagwa chooni, yenyewe inaingia shimoni na kufukiwa, isitupwe chooni maana inajaza choo haraka na haiozi.

Alafu mboji, kwa wale wa chini hasa. Tabaka la vikavu, tabaka la mabichi, samadi kidogo, udongo, maji, mpaka lifike kama mita moja kwenda juu, unachomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache majirani wanarudi, kila mmoja anachomoa kijiti anakishika. Kikiwa cha moto na kina unyevu, kazi inaendelea, katikati pale joto linaweza kufika nyuzi 50 hadi 60 na linaua mbegu za magugu. Kikiwa kikavu ongeza maji, kikinuka vibaya geuza na uongeze vikavu. Hakuna bango wala redio itakayomfundisha mtu joto la kijiti, lazima akishike. Baada ya miezi 2 au 3 mnafungua, mnaweka kwenye tuta moja la mchicha na lingine mnaliacha hivohivo, kisha kila anaepita njiani anauliza.

Udhaifu wake upo na usifichwe. Ni ya polepole, uwanja mmoja unabeba majirani 15 basi. Inategemea mwenye nyumba, akisafiri au akiugua mnasimama. Inataka mtu wa kurudi tena na tena, na wafadhili wengine hawaipendi kwasababu picha ya watu 12 kwenye uwanja wa mama fulani haijai kwenye ripoti kama ya watu 300 mkutanoni. Lakini wale 12 wakitoka pale kila mmoja anaweza kuwa mwenyeji wa wengine.

Kuna mtindo mwingine unaofanana nayo, wa matembezi, kijiji kizima kinatembea kuangalia uchafu wake chenyewe, ulianza Bangladesh mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya vyoo na Tanzania umetumika. Kwa taka naukubali kwa sehemu za wote tu, mfongo, njia panda, gulioni. Msiingize watu kwenye uwanja wa mtu maskini kumwonyesha aibu yake, hiyo haijengi kitu. Kwa wafugaji wa upande wa Kisongo na Monduli matembezi mazuri kuliko yote ni ya machinjioni, mchinjaji awaonyeshe nailoni alizotoa kwenye tumbo la ng'ombe aliyekuwa anakonda na dawa zinamshinda. Mzee wa Kimasai akishaona lile donge, anarudi bomani kuamrisha mwenyewe.

Zipime kwa somo moja gumu

Ukitaka kujua njia ipi ina nguvu chukua somo la kuchoma plastiki, maana ndo tabia ngumu kuliko zote, jioni ikifika kila uwanja unafuka na watu wanaona ndo usafi wenyewe. Mkutanoni utasema ni marufuku, watachoma usiku. Shuleni mtoto ataandika kwenye mtihani kwamba moshi ni mbaya. Redioni daktari atasema unaleta magonjwa, na mama atasema mbona tunachoma siku zote na tupo.

Uani unaweza kulifuata swali la mama mpaka mwisho. Unaanza na kuku anaeparua kwenye majivu. Plastiki zikichomwa kwa moto mdogo wa uwanjani, hasa zile zenye klorini kama vipande vya bomba na maganda ya nyaya, zinatoa sumu inaitwa dayoksini, inatua kwenye udongo na majani, haiishi haraka, inapenda mafuta, kwahiyo inajikusanya kwenye yai la kuku wa kienyeji na kwenye maziwa ya ng'ombe anaekula majani ya pale. Yai lile ndo anapewa mtoto. Mama hawezi kuiona ile sumu lakini njia yake anaiona yote hapo uwanjani, majivu, kuku, yai, mtoto. Atakuuliza sasa niziweke wapi, na hapa usipokuwa na jibu umepoteza kila kitu. Jibu la kijijini halijakamilika lakini lipo: punguza kuingiza, beba kikapu chako gulioni, chupa weka kwenye gunia la kikundi, kilichobaki kiende kwenye shimo lenye mfuniko, kikavu, bila moto. Ukitenganisha vinavyooza hilo shimo linachukua muda mrefu sana kujaa. Mwambie hivohivo bila kupamba.

Uchague ipi

Kama uko peke yako na huna hela kabisa, anza na jumuiya au kikoba kimoja na uwanja mmoja, usifanye kingine mpaka mboji ya kwanza ifunguliwe. Kama wewe ni mwalimu, rekebisha shimo la shule kwanza, kisha mtume mtoto na swali kwa bibi. Kama una mradi wenye hela, ziweke kwenye mtu wa kurudi vijijini mara kwa mara na nauli yake na koleo za vikundi, baadae kipindi cha redio, na posho za mikutano ziwe za mwisho kabisa, maana mtu akishalipwa kusikiliza siku usipolipa haji. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi ambayo nchi nzima tunafanya itumie kwa sehemu za wote, isiwe mbadala wa uwanja wa mtu. Na kama kijiji chako kina mtu mmoja anaewaharibia wote maji, majirani wakishajua cha kufanya, hapo ndo mwombe mtendaji aweke sheria ndogo kwenye ajenda, iwe ya kwanza na siyo ya mwisho.

Usipime kwa karatasi ya mahudhurio. Baada ya miezi 3 pita jioni uhesabu viwanja vinavyofuka, hesabu mashimo yenye mfuniko, uliza gunia la chupa limejaa mara ngapi, angalia nyumba ambazo hazikualikwa kama zimeiga, hizo ndo zinakuambia ukweli.

Kuhusu lini, kwa watu wa chini mboji ijengwe Desemba, majani ya vuli yakiwa bado mabichi na maji yapo, ili mwezi Machi mvua za masika zikianza iwe tayari kwenda shambani na mahindi. Kwa watu wa juu usiwasumbue kahawa ikiwa imeiva, wako bize kuvuna mpaka usiku, Januari na Februari wanakuwa na nafasi kidogo, na mfongo unakuwa na maji machache kwahiyo plastiki zilizokwama zinaonekana zote.